Kastoma wa Mke Wangu

Mwaka jana msichana mmoja wa chuo kikuu aliingia dukani kwangu hapa Keumbu akiwa na daftari. Alisema anasomea tabia za watu, na mwalimu wake amemtuma aulize kwa nini watu hufurahia kununua vitu. Nilikuwa nimeshika mkasi wa kukatia waya. Nikamwambia, "Andika hivi: wanafurahia kwa sababu wana pesa. Asiye na pesa hafurahii. Umemaliza?" Akaandika. Alikuwa na adabu, akanishukuru, akaenda kumuuliza mwenye duka la viatu.

Jibu langu lilikuwa la kijinga. Sijui yule msichana yuko wapi sasa na sina njia ya kumpata nimwambie afute. Ndiyo maana naandika haya. Mimi nilifika darasa la nne tu. Kiswahili changu nilikiokota kazini, nikipakia mawe ya kuchonga ya Tabaka kwenye malori ya wafanyabiashara kutoka mbali, halafu nikiuza ndizi kando ya barabara, halafu misumari, halafu mabati na simiti. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Duka nililijenga mwenyewe na paa lake nililipiga mwenyewe. Kwa hivyo nikisema nilikuwa mjinga, ujue si neno ninalolitumia juu yangu kila siku.

Dukani kwangu wanunuzi wengi ni wanaume. Mwanamume anajua anachotaka. Anasema misumari ya inchi tatu, kilo mbili, anapimiwa, anaenda. Huo ndio ununuzi, nilifikiri. Lakini wakati wa bonasi ya majani chai, wakulima wa upande wa Itumbe walikuwa wakija na wake zao kuchagua mabati. Mume anauliza unene. Mke anapitisha kiganja juu ya bati, polepole, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayempapasa ndama. Anaenda kwa la pili, la tatu, anarudi kwa la kwanza. Anamwita jirani yake aje aliguse pia. Na mabati yote yametoka kiwanda kimoja, siku moja! Nilisimama pale nikisema moyoni, hawa watu wamekuja kunimalizia mchana.

Mke wangu alikuwa wa kundi hilo, tena kiongozi wao. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalio, maana Sabato inaingia jua likizama. Alikuwa anateremka sokoni saa nne asubuhi na kurudi saa kumi, jua likikaribia kuegemea, na ndani ya kikapu mna nini? Fungu la chinsaga na chumvi. Chinsaga ni mboga yetu ya uchungu. Inachemshwa Ijumaa, inalazwa na maziwa, siku ya Sabato inaliwa na kila mtu ananyamaza. Sawa. Lakini saa sita nzima kwa ajili ya fungu moja?

"Chumvi ilikuwa inachimbwa?" ningemuuliza.

"Ilikuwa inachaguliwa," angenijibu, na kuvua viatu.

Tumeishi hivyo miaka mingi, mimi nikimcheka, yeye akinipuuza. Hata kitambaa cha suruali yangu ni yeye alichagua. Sikuwahi kununua nyanya maisha yangu yote ya ndoa.

Halafu mwezi wa nne, mvua ikiwa imelainisha kila kitu, aliteleza kwenye mteremko ulio nyuma ya jikoni akavunjika nyonga. Tulimpeleka Kisii mjini, wakamfanyia upasuaji, wakamtia chuma. Alikaa hospitali, akarudi nyumbani na fremu ya chuma yenye miguu minne ya kumsaidia kutembea. Mwezi wa saba tulirudi kwa daktari. Alikuwa kijana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, lakini alisema kweli bila kuzunguka, na mimi nampenda mtu wa namna hiyo.

"Mfupa umeshika," akasema. "Kazi yangu imekwisha. Iliyobaki ni ya huyu mama. Asipotembea kila siku, misuli italala, na kwa umri wake ikilala sana haiamki. Atakuwa mtu wa kitandani. Mzee, usimwonee huruma."

Mimi na huruma? Nilifika nyumbani nikaanza kazi. Nilipigilia ubao kando ya ukuta wa baraza ili ashike. Nilichonga ngazi za udongo kwenye njia ya migombani. Kila asubuhi nilimwambia, "Simama, tembea mpaka migombani, rudi."

Alitembea siku mbili. Siku ya tatu akakaa.

"Mama, simama."

"Nitembee niende wapi?"

"Migombani."

"Migombani kuna nini?"

"Kuna migomba! Daktari alisema utembee."

"Mogaka," akaniambia, na hilo ndilo jina langu kwake, maana yake mzee, "mimi si mbuzi wa kufungwa kamba nizunguke mti. Ukipata mahali pa kwenda, niambie."

Akageuza uso. Nikapiga kelele. Mchungaji alikuja akaomba, wamama wa kanisa walikuja wakaimba, wakala, wakaenda. Wiki tatu mke wangu hakufika hata kwenye ubao niliopigilia. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha barazani, miguu imefunikwa na shuka, na niliona miguu yenyewe inakonda. Nilikuwa naona kila asubuhi nikimvalisha soksi. Mtu wa kitandani. Neno hilo la daktari lilikuwa linanifuata mpaka dukani.

Binti yetu aliye Nairobi alisema dawa ni kumfurahisha. "Baba, siku hizi hakuna haja ya mtu kuhangaika na soko. Namnunulia kwa simu, analetewa mpaka mlangoni." Kweli, baada ya siku nne akaja mtu wa bodaboda na kifurushi. Gauni la kulalia na ndara za manyoya. Mke wangu akakiangalia kifurushi bila kukishika.

"Ni ngapi?" akamuuliza yule dereva.

"Imelipwa, magokoro," akasema, yaani bibi.

"Imelipwa na nani? Nani alikubali bei?"

"Ilikuwa bei ya kwenye simu."

"Mwambie mwenyewe apunguze."

"Hakuna mwenyewe, magokoro. Mimi naleta tu."

"Hakuna mwenyewe!" akanigeukia. Ndiyo mara ya kwanza kwa wiki nyingi niliona macho yake yakiwaka. "Umesikia? Watu wananunua kwa mtu ambaye hayuko." Halafu macho yakazimika tena. Kifurushi kilikaa juu ya meza mpaka mimi mwenyewe nikakifungua. Ndara zilikuwa nzuri. Alizivaa bila kuziangalia.

Basi nikaamua nitamnunulia mimi, kwa mkono wangu, sokoni pale pale alipokuwa akienda. Ijumaa moja nilimuuliza anataka nini. Akasema hospitalini walimpotezea petikoti, na ile iliyobaki imechakaa. Akaniambia pia nilete chinsaga. Akasema, "Lakini wewe utaweza?"

Mimi nimeuza mabati kwa makanisa na shule. Nitashindwa na petikoti?

Soko la nguo za mitumba liko nyuma ya barabara, chini kidogo. Nililikuta na wanawake wameinama juu ya lundo, mikono imezama mpaka viwiko, na muuzaji amesimama juu ya sanduku akiita, "Chagua, chagua! Leo ni kamera tupu!" Kamera ni ile mali ya kwanza, safi, iliyobaki mwisho inaitwa fagia. Nilisimama pembeni nikitafuta nafasi, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukaa nikakiona. Mwanamke mmoja aliinua blauzi ya kijani. Wengine watatu, ambao hata hawakuwa wamekuja naye, wakaacha kupekua wakamwangalia. Mmoja akasema, "Hapana, itakufanya uwe kama mgomba." Wakacheka wote, na mwenyewe akacheka kuliko wao. Mwingine akamtupia ya rangi ya maziwa. Akaiweka kifuani, wakaitikia kama kanisa. Hakununua. Aliirudisha kwenye lundo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kitu.

Nikapata petikoti nyeupe. Ukubwa wake sikuujua, ila kiuno cha mke wangu nakijua kwa mikono. Nikaishika huku na huku, nikaitandaza mbele yangu kwenye mwanga nikaipima kama ninavyopima bati. Nilipoishusha, ng'ambo ya lundo, hatua tatu kutoka kwangu, alikuwa amesimama mama mzazi wa mke wa mwanangu mkubwa.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa mara moja. Kwetu kuna chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mimi na yule mama hatushikani mikono. Hatukai kwenye kiti kimoja. Nikimwona njiani mimi napita kando hii na yeye ile, tunasalimiana tukiangalia chini. Na sasa ameniona nimetandaza petikoti mbele ya kifua changu mchana kweupe. Yeye naye alikuwa ameshika kitu ambacho sitakiandika hapa. Tulitazamana muda wa pumzi moja. Yeye akakiachilia chake. Mimi nikaiachilia yangu. Yeye akageukia milima, na mimi nikageuka nikaondoka kwa hatua za mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni.

"Mzee!" muuzaji akaita kutoka juu ya sanduku. "Mzee wa petikoti! Rudi, tutaelewana bei!"

Soko zima likageuka. Nilitokea upande wa mboga, na mbele ya gunia la kwanza lililotandazwa mboga nikachuchumaa, kana kwamba nimezaliwa nikinunua mboga. Muuzaji alikuwa mwanamke mdogo mwenye kofia ya sufu.

"Nipe chinsaga. Mafungu matatu."

"Chagua, baba."

"Yoyote. Tia kwenye mfuko."

Akatia. Nikalipa alichosema. Kwenye gunia la pili, mkono wa kulia, alikaa mwanamke wa umri wa mke wangu akinyunyizia mboga zake maji. Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mbuya, mogaka," akanisalimu. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yuko," nikasema, maana nilikuwa bado naangalia nyuma kama mkwe wangu, yule mama wa ng'ambo ya lundo, anakuja. Nikaondoka.

Kesho yake jioni, Sabato ikiwa imekwisha, binti wa jirani alileta kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alisema amepewa njiani na mama mmoja ambaye hakutaka kusema ametoka wapi. Ndani palikuwa na petikoti nyeupe, ile ile. Mkwe wangu hakutuma neno, na mimi sikutuma jibu, na mpaka leo tukikutana tunaangalia chini kama inavyotakiwa. Lakini nimeruka. Turudi Ijumaa ile ile.

Nilimwekea mke wangu mfuko wa mboga mapajani. Akatoa fungu moja, akalinusa, akaligeuza, akaangalia lilivyofungwa.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu. Nimeinunua."

"Kwa nani? Imefungwa na kamba ya nailoni. Kastoma wangu anafunga na kamba ya mgomba."

Hapo nieleze. Sokoni kwetu muuzaji anamwita mnunuzi wake kastoma, na mnunuzi anamwita muuzaji wake kastoma vile vile. Neno ni moja kwa wote wawili. Nililijua neno hilo kwa masikio tu. Kwangu dukani hatuitani hivyo. Kwangu mtu analeta pesa anabeba bati.

Nikamwambia nilinunua kwa mwanamke mwenye kofia ya sufu. Uso wa mke wangu ukabadilika.

"Aliye mkono wa kulia wake alikuwepo?"

"Alikuwepo. Aliniuliza hali yako."

"Akakuona ukinunua kwa jirani yake?"

"Ana macho."

Akaweka mkono mdomoni. "Umeniua, mogaka. Kweli umenizika."

"Mboga ni mboga!" nikasema kwa sauti. "Zote zimetoka kwenye udongo!"

Mke wangu akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja kitu asichojua thamani yake. Halafu akaniambia mambo ambayo nilikuwa nimeishi nayo nyumba moja bila kuyajua. Mtoto wetu wa mwisho uchungu wake ulianzia pale sokoni, mbele ya lile gunia. Mimi nilijua mtoto alizaliwa zahanati. Sikuwahi kuuliza nani alimfikisha. Aliyemfikisha ni yule kastoma wa mkono wa kulia, akaacha mboga zake zote chini, na mbuzi wakazila. Na mama mzazi wa yule mwanamke alipofariki, mke wangu alikaa kwenye gunia lake Ijumaa mbili akimuuzia mboga zisioze. Ijumaa hizo nazikumbuka. Nilikuwa nimelalamika kwamba chakula kimechelewa.

"Nyumbani kwake ni wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Mahali fulani upande wa juu. Sijawahi kufika, na yeye hajawahi kufika hapa. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Msabato, hata mazishini hatukutani. Tunakutana pale."

"Basi Ijumaa ijayo nitaenda nimwombe msamaha."

"Wewe? Utaongea naye kama unayeongea na mfuko wa simiti." Akaiangalia fremu ya chuma iliyokuwa imesimama kando ya mlango, nimeitundikia koti langu. "Toa koti lako hapo," akasema. "Niletee hicho kitu."

Nilikileta. Akasimama. Miguu ilitetemeka, akashika ubao wangu, akaenda mpaka mwisho wake. Nilijua nikisema neno moja atakaa.

Jumapili alifika migombani. Jumatatu alifika migombani mara mbili na kuitukana migomba kwa sababu haijapogolewa. Jumanne mvua ilinyesha, akazunguka ndani ya nyumba, kutoka jikoni mpaka chumbani, chumbani mpaka jikoni, fremu ikigonga sakafu ko, ko, ko, mimi nikijifanya nasoma Biblia. Jumatano alianguka kwa magoti kwenye mlango. Nikamwinua. Alilia kidogo kwa hasira, si kwa maumivu, akasema, "Nitamwambia nini nisipofika? Ataamini kweli nimemhama." Alhamisi akafika kwenye lango la barabara.

Ijumaa nilikodi gari la jirani. Nilikuwa nimepanga gari liingie mpaka ndani, kwenye mboga, nishuke nimshike. Akakataa.

"Sitapelekwa kama gunia. Nishushe barabarani. Ataniona nikija kwa miguu."

Kutoka barabarani mpaka penye mboga, mimi natembea dakika tatu. Ardhi ilikuwa na tope na maganda ya ndizi. Nilikaa nyuma yake hatua moja, mikono tayari. Alienda hatua kumi, akasimama mbele ya mwanamke wa viazi vitamu.

"Hivi ni ngapi?"

"Magokoro! Umefufuka! Hivi, kwako, nitakupunguzia."

"Ni vidogo. Mwaka huu ardhi yako imekunyima?"

"Ardhi haijaninyima, ni wewe uliyeninyima! Ulikuwa wapi?"

Wakaongea. Akaendelea hatua nane, akasimama mbele ya sufuria. Akagonga moja kwa kidole, akasikiliza mlio, akauliza bei, akatikisa kichwa. Hatua kumi na mbili, vitenge. Akashika kona ya kitambaa, akakisugua kati ya vidole viwili, akakiachilia. Nilitaka kumwambia hatukuja kununua vitenge. Halafu nikaona jasho kwenye shingo yake na vidole vyeupe kwenye chuma, nikaelewa. Kila alipochoka, aliuliza bei. Hapakuwa na mtu sokoni aliyejua kwamba anapumzika. Alikuwa mnunuzi tu, mwenye haki ya kusimama popote, kugusa chochote na kukikataa, na kila aliyemuuzia au asiyemuuzia alimwita jina la heshima na kumuuliza alikuwa wapi.

Mimi nilikuwa nimemwekea ubao ukutani. Kumbe hapa palikuwa na ubao wa kushika kila hatua kumi, tena unaoongea.

Tulitumia karibu saa nzima. Yule mwanamke alituona kutoka mbali. Akajifanya anapanga mboga zake. Mke wangu akafika mbele ya gunia, akasimama wima kadiri alivyoweza.

"Mbuya, kastoma."

Mwanamke akainua macho, akaangalia miguu ya mke wangu, akaangalia ya fremu.

"Nani huyu?" akasema. "Mimi sina kastoma mwenye miguu sita."

"Umeisahau ile miwili ya kwanza?"

"Kastoma wangu alihamia kwa jirani. Alitumwa mzee mmoja, alinunua mafungu matatu kwa mkupuo kama anayenunua misumari. Hakuchagua. Hakuomba aongezwe hata jani moja. Nikasema, basi, huko nyumbani kwao wamenichoka."

"Aliyehama ni huyu mzee. Mimi nilikuwa nimelala."

"Na wewe mzee," akanigeukia, "nilikusalimu ukanijibu 'yuko'. Yuko nini? Mlango uko. Jiwe liko. Mgonjwa anasemwa hivyo?"

Nilivua kofia. Nilisema, "Mama, nilikuwa nakimbia." Hakuniuliza nakimbia nini, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Yule mdogo mwenye kofia ya sufu akaingilia kutoka gunia lake. "Mama, usimwamini huyu, hajakasirika. Kila Ijumaa toka uumie amekuwa akikuwekea fungu lako pembeni, kwenye jani la mgomba. Watu wanaliomba, anakataa. Jua likitaka kuzama ndipo analiuza. Hata Ijumaa ile mzee alipokuja kwangu lilikuwa hapo."

"Wewe nyamaza, uza mboga zako," mwanamke akasema. Lakini alikuwa ameshainama nyuma ya kikapu, na alipoinuka alikuwa na fungu kwenye jani, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Akalishika tu. Hakulitoa. Mke wangu naye hakunyoosha mkono. Wakatazamana.

"Hii ni ngapi?" mke wangu akauliza.

Mwanamke akataja bei. Ilikuwa bei ya kumtoza mgeni.

"Hiyo!" mke wangu akapaza sauti. "Kwa hii? Imenyauka. Angalia jani hili. Umelala nayo?"

"Imenyauka kwa kukungoja! Unajua nimengoja mara ngapi? Ongeza, usipunguze."

"Nyinyi wa Jumapili mna wizi."

"Na nyinyi wa Jumamosi mnataka vya bure mkale mkiimba."

Walibishana. Mimi nimeuza vitu maisha yangu yote na sijawahi kusikia ubishi mtamu kama ule. Bei ilishuka, ikapanda, ikasahaulika, wakaingia kwenye habari ya binti ya nani ameolewa, wakatoka, wakarudi kwenye bei. Walikuwa wakifanya kazi, wawili hao. Kila neno lilikuwa mshono. Mwanangu yeyote angeweza kuleta chinsaga nyumbani kwa bodaboda, gunia zima, na isingekuwa hii. Hapo ndipo nilipoelewa wale wake wa Itumbe na mabati yangu, walioita majirani waje waguse. Walikuwa wanataka paa lao lianze kuwa na mashahidi kabla halijapanda juu. Na mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Mwisho mwanamke akamsogezea sanduku, mke wangu akaketi, wakagawana ndizi. Fungu likatiwa kwenye kikapu, juu yake likaongezwa konzi mbili za majani bila kuombwa. Alilipa nini sikuona. Mimi niliagizwa nikae pembeni, nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikanunua vitunguu kwa yule wa kofia ya sufu, nikavichagua kimoja kimoja mpaka akacheka.

Saa tisa nilimkumbusha jua. Akasimama mwenyewe, bila kunishika. Akaniwekea kikapu mkononi.

"Peleka hii kwenye gari," akasema. "Unisubiri huko."

"Na wewe?"

"Kuna mwanamke ameleta vikapu vya ukindu, naviona pale. Sinunui. Naangalia tu."

"Nitakusindikiza."

"Mogaka, ukisimama nyuma yangu watu wanapandisha bei. Nenda."

Nikaenda. Nilitia kikapu kwenye gari, nikamwambia jirani angoje, nikageuka kumtafuta. Soko la Ijumaa alasiri lilikuwa limejaa, kila mtu ana haraka ya maandalio, vitambaa vya vichwa vimebanana kama shamba. Nilitafuta ile fremu. Nilitafuta kitambaa chake cha bluu. Sikumwona. Tangu mwezi wa nne, kila dakika nilikuwa najua mke wangu yuko wapi: kitandani, au kwenye kile kiti. Sasa sikujua. Jirani akaniuliza kama aende kumtafuta.

Nikamwambia azime gari.